Uvimbe wa unyayo usiouma na chenga nyeusi: je, mdogo wangu akubali kukatwa mguu?

SWALI

Daktari, shikamoo.

Nakuandikia kwa niaba ya mdogo wangu wa kiume mwenye umri wa miaka 31, ninayeishi naye hapa Mbagala pamoja na mume wangu na watoto wetu. Kabla ya kuja Dar es Salaam alikuwa Manyoni, mkoani Singida, akichunga mbuzi wa baba yetu mdogo, na huko mara nyingi alitembea peku au kwa kandambili. Alipofika mjini alikuwa tayari na kiuvimbe kigumu kwenye unyayo wa kulia, karibu na kisigino, ambacho hakikumuuma wala kumzuia kufanya kazi katika banda la mkaa, hivyo hakuna aliyekitilia maanani. Miaka imepita na kiuvimbe hicho kimekua polepole hadi unyayo wote umejaa, viatu vya kawaida havimwingii, na ngozi imetoboka matundu madogo yanayotoa majimaji na usaha. Moja likifunga, jingine linafunguka kando yake.

Tumehangaika sehemu nyingi. Zahanati moja ilidhani ni jipu, ikampasua kwa ganzi ya sindano. Kidonda kilifunga, lakini uvimbe ulirudi mkubwa kuliko mwanzo. Kituo kingine kilichovya pamba kwenye tundu na kuipeleka maabara, majibu yakaja kwamba ni bakteria wa kawaida wa vidonda, akapewa vidonge na sindano, usaha ukapungua kwa muda kisha ukarudi. Wapo waliosema ni matende, ingawa amemeza dawa za kingatiba kila zilipogawiwa mtaani kwetu. Ndugu zetu wa kijijini wanasema amekanyaga kitu alichotegewa, kwa kuwa ugonjwa wa kawaida hauwezi kukaa miaka yote hii bila kuuma, na wanataka arudi nyumbani apelekwe kwa mganga.

Hivi karibuni tabibu mmoja alibonyeza pembeni ya tundu, zikatoka chenga nyeusi ndogo kama mbegu za mchicha. Alisema huenda ni ugonjwa unaoitwa maisetoma, akatuandikia rufaa. Daktari wa upasuaji tuliyemwona alitazama picha ya eksirei, akasema mfupa wa kisigino umeanza kuliwa na kwamba pengine itabidi mguu ukatwe, kisha akampangia miadi. Kinyama cha kupima maabara hakijachukuliwa. Mdogo wangu amekata tamaa, na anasema kama ni kukatwa ni afadhali arudi Manyoni.

Naomba unieleze huu ni ugonjwa gani na kwa nini kipimo cha usaha hakikuuona. Kama wanangu wanaotumia beseni moja naye wanaweza kuambukizwa. Na kama tumshauri akubali kukatwa.

Dada wa mgonjwa, Mbagala

JIBU

Marahaba, dada yangu, na pole kwa kuuguza kwa muda mrefu hivyo.

Nianze na lile linaloweza kuharibika kwa haraka zaidi, yaani uamuzi wa kukata. Kutokana na maelezo yako, tabibu aliyebonyeza tundu na kuzitazama chenga alifanya kazi nzuri kuliko wote waliomtangulia, na dhana yake ina uzito mkubwa. Lakini maisetoma ni jina linalobeba magonjwa mawili yanayofanana kwa sura na kutofautiana kabisa kwa tiba: moja husababishwa na fangasi, jingine husababishwa na bakteria wanaoota kama nyuzi. La bakteria hupona kwa dawa kwa wagonjwa walio wengi, hata pale ambapo mfupa umeguswa, na la fangasi huhitaji dawa kwa miezi mingi pamoja na upasuaji. Kabla ya kujua mdogo wako ana lipi kati ya hayo mawili, hakuna mtu, mimi nikiwemo, anayeweza kusema kwa haki kwamba mguu ule haufai tena. Hicho kinyama ambacho hakijachukuliwa ndicho kitakachoamua.

Ugonjwa huu huingia kwa njia ndogo sana. Vimelea vyake huishi katika udongo na kwenye miiba, na mtu anapochomwa na mwiba au kujikata akiwa peku, vinasukumwa chini ya ngozi na kuanza kukua hapo. Mara nyingi mgonjwa haukumbuki mwiba wenyewe, kwa sababu kati ya kuchomwa na kuona uvimbe inaweza kupita miezi au hata miaka. Eneo linaloathirika zaidi duniani ni ukanda ulio kati ya nyuzi 15 kusini na nyuzi 30 kaskazini mwa Ikweta, ambamo zimo Sudan, Somalia, Senegal, India na Mexico. Tanzania nzima imo ndani ya ukanda huo, na nchi kame yenye migunga kama ile ya Manyoni ndiyo mazingira ambayo ugonjwa huu huyapenda. Wanaougua zaidi ni wanaume wenye umri wa kati ya miaka 20 na 40, wachungaji na wakulima, watu walio katika umri wa kutafuta riziki. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele, ingawa Henry Vandyke Carter, daktari Mwingereza aliyefanya kazi India, alikuwa ameupa jina hilo tangu mwaka 1860. Kwa hiyo usishangae kwamba watumishi wengi wa afya mliokutana nao hawakuufikiria, kwa kuwa wengi wao hawajawahi kuuona.

Kuhusu kutouma, ambako ndugu zako wamekufanya kuwa ushahidi wa kutegewa, ukweli ni kwamba hiyo ni mojawapo ya dalili ambazo daktari hutumia kuushuku ugonjwa huu. Uvimbe wa maisetoma hukua kwa miaka bila maumivu ya maana, na maumivu yakija huwa ni kwa sababu bakteria wengine wameingia kupitia matundu, au kwa sababu mfupa umeshambuliwa sana. Jipu lingemlaza kitandani katika siku chache. Siwadharau wazee wenu, kwani wameona vizuri kwamba ugonjwa huu hauendi kama mengine. Walichokosea ni sababu. Wakisisitiza dua, ifanyike, ila asichanjwe wala kupakwa dawa yoyote kwenye matundu hayo, na asisafiri kabla vipimo havijakamilika.

Sasa niseme juu ya kipimo cha usaha. Vimelea vya maisetoma haviogelei katika usaha, bali hukaa vimeshikamana katika vifungu vigumu, ambavyo ndivyo hizo chenga, vikiwa vimezungukwa na ukuta wa chembe za mwili zinazojaribu kuvizuia. Pamba inapopitishwa juu ya tundu hukusanya bakteria waliokuja baadaye kujistarehesha kwenye kidonda kilicho wazi, na maabara huwaotesha hao kwa sababu huota kwa siku moja au mbili, wakati fangasi wa ugonjwa huu wanaweza kuchukua wiki kadhaa. Majibu mliyopewa yawezekana kabisa yalikuwa ya kweli kuhusu ile pamba. Hayakuhusu tu kile kilichokuwa ndani. Ndiyo sababu vidonge vilipunguza usaha na kuuacha uvimbe pale pale.

Rangi ya chenga ni mwanzo mzuri wa uchunguzi. Nyeusi karibu siku zote ni za fangasi, hasa yule anayeitwa Madurella mycetomatis, aliye maarufu kuliko wote Afrika. Nyekundu ni za bakteria, za njano kwa kawaida ni za bakteria pia, na nyeupe zinaweza kuwa za upande wowote. Hata hivyo nisingependa mtu aanze kumeza dawa kwa mwaka mzima kwa kutegemea rangi iliyoonwa chini ya taa ya chumba cha tabibu, maana damu iliyoganda nayo huwa nyeusi, na mtu anayefanya kazi katika banda la mkaa ana vumbi jeusi la kutosha unyayoni. Chenga halisi ikibonyezwa kati ya vipande viwili vya kioo na kutazamwa kwa darubini huonyesha nyuzi zilizosokotana. Ukigawa milimita moja katika sehemu elfu moja, nyuzi za fangasi zina unene wa kama sehemu mbili hadi tano kati ya hizo, na za bakteria ni nyembamba zaidi, zikiwa na unene wa kama sehemu moja au chini ya hapo. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayotenganisha dawa na dawa.

Njia ya uhakika zaidi ni kuchukua kinyama cha ndani. Kifanyike chumba cha upasuaji, kwa ganzi ya mgongo au usingizi, kwa sababu kipande cha juu juu kinachokatwa kando ya tundu mara nyingi hakina chenga hata moja na majibu huja kwamba ni uvimbe wa kawaida wa kidonda cha muda mrefu. Hapa kuna jambo ambalo nakuomba umkumbushe daktari kwa adabu kabla mgonjwa hajaingia chumbani, kwa kuwa husahaulika hata na watu makini: vipande vinatakiwa viwe viwili. Kimoja huwekwa katika fomalini na kupelekwa patholojia, ambako hukatwa vipande vyembamba, hupakwa rangi maalumu na kusomwa kwa darubini. Kingine hakitakiwi kuguswa na fomalini kabisa, kwa sababu dawa hiyo huua vimelea na kisichokuwa hai hakioteshwi. Kiwekwe katika maji ya chumvi safi, yale ya dripu, na kipelekwe maabara siku hiyo hiyo kwa maelezo kwamba wanatafuta fangasi na bakteria wa nyuzi, ili wasikitupe baada ya siku chache wakiona hakijaota. Kama kuna uwezekano wa kufyonza kwa sindano badala ya kukata, nacho ni kipimo kinachokubalika pale penye msomaji mzoefu, ila hakitoi nyama ya kutosha kwa kazi zote mbili.

Tafadhali msizioshe wala kuzitupa chenga zinazotoka nyumbani. Mkiona zimebaki kwenye bandeji siku ya kwenda hospitali, ichukueni bandeji hiyo ikiwa imefungwa katika mfuko safi na kumwonyesha daktari. Haitachukua nafasi ya kinyama, lakini daktari aliyeziona kwa macho yake hufikiri tofauti na aliyesimuliwa.

Eksirei imeonyesha mfupa ulioliwa, na hilo si dogo, lakini picha hiyo peke yake haisemi ni nani aliyeula. TB ya mfupa inaweza kutoa picha inayokaribiana nayo pamoja na matundu ya usaha, na usaha sugu wa mfupa unaosababishwa na bakteria wa kawaida hali kadhalika. Zipo pia saratani zinazoota unyayoni, ikiwemo ile ya Kaposi na ile nyeusi ya ngozi, ambazo patholojia pekee ndiyo inayoweza kuziweka kando. Matende siyaoni hapa: matende huletwa na minyoo wanaoenezwa na mbu, huvimbisha mguu kuanzia chini kupanda juu kwa kuziba njia za maji ya mwili, na hayatoi chenga. Mdogo wako aendelee kumeza dawa za kingatiba zikigawiwa, kwa ajili ya matende yenyewe.

Nimeitaja TB kwa sababu moja zaidi. Katika mji wetu ni jambo la kawaida mgonjwa mwenye mfupa ulioliwa kuanzishiwa dawa za TB kwa kukisia. Ikiwa ugonjwa wake ni wa fangasi, mojawapo ya dawa hizo, rifampisini, hupunguza sana nguvu ya itrakonazoli mwilini, ambayo ndiyo dawa ya fangasi atakayoihitaji. Kukisia huku kunaweza kumgharimu miezi.

Altrasaundi haigharimu sana na inaweza kuonyesha mashimo yenye chenga ndani yake. MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa mashine ya sumaku, inapopatikana, huonyesha ugonjwa umeenea hadi wapi, na ndiyo picha ninayotaka daktari wa mifupa awe nayo mkononi kabla ya kuchora mstari wa kisu. Daktari apapase pia matezi ya kinena upande ule.

Nije kwenye tiba, ili mjue mnachongoja. Ikithibitika kuwa ni bakteria, dawa ya msingi ni kotrimoksazoli, ile ambayo watu wengi huiita septrini, na kwa ugonjwa uliofika mfupani huongezwa sindano za amikasini kwa mizunguko ya wiki kadhaa, huku usikivu wa masikio na kazi ya figo vikipimwa kwa kuwa sindano hiyo inaweza kuviharibu. Tiba hiyo imeripotiwa kuponya zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa wa aina hiyo. Hebu fikiria mgonjwa wa namna hiyo akatwe mguu kwa sababu tu kinyama hakikuchukuliwa.

Ikithibitika kuwa ni fangasi, kama rangi ya chenga inavyoashiria, safari ni ngumu zaidi na sitakuficha. Itrakonazoli humezwa kila siku, pamoja na chakula kwa sababu vidonge vyake havinyonywi vizuri tumbo likiwa tupu, na bila kuchanganywa na dawa za kupunguza asidi ya tumbo. Ini hupimwa kabla na mara kwa mara baadaye. Kwa kawaida dawa hutangulia kwa miezi 6 hivi, si kwa sababu itamaliza kila kitu, bali kwa sababu huufanya uvimbe ujifunge na kuwa na mpaka, kiasi kwamba daktari wa upasuaji anaweza kuutoa mzima badala ya kuuchana na kuumwaga ndani ya nyama nzima. Baada ya upasuaji dawa huendelea kwa miezi mingine, na jumla yake mara nyingi hufika mwaka au kuzidi. Upasuaji wa ganzi ya pembeni kama ule aliofanyiwa zahanati haufai kabisa kwa ugonjwa huu, maana ganzi yenyewe husukuma maji kati ya tabaka za nyama na mpaka wa uvimbe haufuatiki. Ndiyo maana uvimbe ulirudi na nguvu mpya.

Mengi ya haya tunayoyajua yametoka Khartoum, katika kituo cha utafiti wa maisetoma kilichoanzishwa mwaka 1991, ambacho kimehudumia maelfu ya wagonjwa kabla ya vita vilivyozuka Aprili 2023. Huko ndiko ilikojaribiwa dawa mpya ya fangasi, fosiravukonazoli, ambayo humezwa mara moja kwa wiki badala ya kila siku. Katika majaribio haikuizidi itrakonazoli kwa kuponya, lakini kwa mgonjwa anayeishi mbali au anayenunua dawa kwa fedha ya kibarua, tofauti ya kumeza mara moja kwa wiki ni kubwa. Nazungumzia gharama kwa makusudi. Itrakonazoli ya mwaka mzima si fedha ya kuokota, na wagonjwa wengi hushindwa hapo kuliko wanavyoshindwa na ugonjwa wenyewe. Kaeni kikao cha familia mapema, angalieni bima inalipia nini, na mwoneni afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kuishiwa, si baada.

Kukata mguu kuna mahali pake. Kama fangasi imekula mifupa mingi na dawa iliyomezwa ipasavyo imeshindwa, au kama maambukizi ya juu yake yanaingia kwenye damu na kutishia uhai, mimi mwenyewe ningemshauri mgonjwa akubali, kwa sababu mtu huishi na kufanya kazi kwa mguu wa bandia. Hali ya mdogo wako, kwa jinsi ulivyoieleza, haijafika hapo: anatembea, anafanya kazi, hajawahi kupewa dawa sahihi hata siku moja.

Watoto wako hawako hatarini kwa kuishi naye. Maisetoma haiambukizwi kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu, na hakuna sababu ya kumtengea sahani, kitanda wala choo. Beseni la kuoshea kidonda liwe lake kwa sababu ya wale bakteria wa kawaida walioko kwenye usaha, na anayemfunga bandeji anawe mikono kwa sabuni. Yeye mwenyewe avae kiatu kilichofunga na kipana, awapo kazini na hata uani.

Kuhusu miadi iliyo mbele yenu, msiikimbie. Nendeni siku hiyo hiyo, wewe ukiwa naye, mkiwa na eksirei, majibu yote ya zamani na orodha ya dawa alizowahi kutumia, na mwambieni daktari wa upasuaji maneno haya kwa heshima: “Tunaomba kwanza achukuliwe kinyama cha ndani kwa ajili ya patholojia na kuotesha, na tunaomba aonwe na daktari bingwa wa ngozi kabla ya uamuzi wa kukata.” Daktari mzuri hataudhika. Ikiwa huduma hizo hazipo hapo mlipo, ombeni barua ya rufaa. Kwa mkazi wa Mbagala njia ya kawaida hupitia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke hadi Muhimbili, ambako hospitali ya taifa na Taasisi ya Mifupa, MOI, ziko eneo moja na wataalamu wa pande zote mbili wanaweza kumwona pamoja. Kwa ushauri wa magonjwa ya ngozi yaliyo magumu, kituo cha mafunzo ya ngozi kilicho katika hospitali ya KCMC mjini Moshi nacho hupokea wagonjwa wa rufaa. Na kama kabla ya siku hiyo atapata homa ya ghafla, mguu ukawa wa moto na mwekundu, au maumivu yakaanza kumnyima usingizi, msingoje miadi. Mpelekeni hospitali usiku huo huo.